Beberu wa Mtani

Watu wa Mzenga walimsema Tatu binti Mwinyimadi kuwa ni mwanamke asiyejua mzaha. Waliomsema hivyo ndio hao hao waliokuwa wakila ndizi za mumewe, na wengine walimsema ndizi ikiwa bado mdomoni. Kijiji kizima kilijiona kina ucheshi, na mtu mmoja tu, mwanamke, ndiye aliyeonekana ana kasoro.

Tatu alizaliwa Mzenga, kijiji cha Wazaramo, na kuchezwa ngoma Mzenga. Mwaka ule wa nzige alikuwa mwari. Baba yake, Mwinyimadi, alikuwa mkulima wa mihogo na mtu wa swala tano, mpole, asiyependa kelele. Nzige walipokula kila jani, shangazi yake Tatu, Mwanahalima, alianza safari za kwenda Ruvu, kwenye kambi ya mashamba ya mkonge, kuuza chochote kilichosalia: makopa, kuku, vikapu. Tatu alimfuata kumsaidia mzigo. Kambini walikuwako watu wa kila namna. Kulikuwa na Wanyamwezi, Wangoni, Wamakonde, Wanyasa, na Warundi waliokuja kwa miguu kutoka Urundi kwa Wabelgiji, wakakata mkonge kwa mkataba, wakamaliza mkataba, wakaandikwa tena.

Huko ndiko alikomwona Ndikumana. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alinunua kikapu, kesho yake akakirudisha ili kishonwe ukingo uliofumuka, na Mwanahalima akamwambia mpwa wake kuwa ukingo ule umefumuliwa kwa makusudi. Kilichofuata hakikuwa na siri. Mkataba wake ulipokwisha, Ndikumana alikuja Mzenga, akakaa kwa mwalimu wa madrasa, akasilimu, akaitwa Isihaka, na miaka michache kabla ya vita vya Hitla Mwinyimadi akamwoza binti yake. Watu walikuja harusini, wakala pilau, wakarudi nyumbani wakicheka.

Hapa ndipo anapoingia Maneno.

Maneno alikuwa muuza kahawa. Baraza lake lilikuwa mbele ya nyumba ya Jumbe Kitwana, mahali pazuri pa biashara, maana kila mwenye shauri kwa Jumbe alisubiri pale, na anayesubiri hunywa. Kahawa yenyewe ilikuwa ya kawaida, mara nyingine imeungua. Kilichowaleta watu ni ulimi wake. Maneno aliweza kumwiga Mhindi wa dukani Kisarawe mpaka ukatafuta mizani ilipo. Alimwiga Mgiriki mwenye shamba akiwafokea vibarua, Mmakonde akiambiwa apande gari, Mnyasa akijigamba kwa Kiingereza chake. Alipopata Mrundi wa kwake mwenyewe, hapo hapo kijijini, anayepita barazani kila siku na jembe begani, alijiona kama aliyefunguliwa ghala.

Alisema Mrundi alipoliona gari moshi kwa mara ya kwanza alilikatia majani. Alisema Mrundi alihesabu miti njia nzima kutoka kwao ili asipotee akirudi, nzige wakaja wakaiangusha, ndiyo maana amekwama Mzenga na kuoa. Isihaka alikuwa akisema "chakura" na "kurara", kwa kuwa lugha ya kwao haina sauti ya 'l', na Maneno akayafanya maneno hayo mawili kuwa salamu. Isihaka akipita, baraza zima liliitikia, "Chakura kipo, baba, umekuja kurara?" Wazee wenye mvi waliitikia. Jumbe Kitwana, aliyekuwa akiketi kwenye kiti chake cha kamba kama kadhi, naye alitikisa tumbo.

Jina la Isihaka hawakulitumia. Alisimama nao safu moja msikitini, akafunga nao mwezi mtukufu, akasomesha maulidi kwa maharage aliyoyalima mwenyewe, na bado alikuwa Mrundi. Mboni, mtoto wake wa kwanza, alipozaliwa, Maneno alitangaza kuwa Mrundi mdogo amefika bila kutembea. Watu wakasema Maneno hana mfano.

Isihaka alikuwa akitabasamu. Hilo lilishikwa kuwa ushahidi, wakasema mwenyewe anafurahi, mkewe ndiye anayenuna. Siku moja walipokuwa wakipalilia, Tatu alimuuliza anachochekea ni kipi. Isihaka alifikiri, akapiga jembe mara kadhaa, kisha akajibu.

"Nikicheka wananiacha nipite. Nikinuna wananisimamisha."

Hakurudia tena neno hilo, na Tatu hakumuuliza tena. Lakini tangu siku hiyo kila alipopita barazani na kuambiwa, "Bibi Mrundi, cheka basi, ni utani tu," aliwatazama mmoja mmoja kama anayetafuta mtu aliyempoteza, akaendelea na njia yake. Wao walisema ana kiburi. Ndizi za mumewe ziliendelea kununuliwa, maana Isihaka alijua migomba kuliko mtu yeyote wa pale. Watu wa Mzenga walikuwa wepesi kutofautisha mkungu na mwenye mkungu.

Mwaka mmoja baada ya vita, Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, alifika katika safari yake ya kukagua mashamba ya mihogo. Alikuwa Mwingereza kijana, mwekundu shingoni, anayejua Kiswahili vizuri na anayependa watu wajue kuwa anakijua. Aliketi barazani kwa Jumbe, akapewa kahawa ya Maneno, na Jumbe, akitaka kumfurahisha mgeni, akamwambia kuwa huyu muuza kahawa ni mchekeshaji. Basi Maneno akaamriwa achekeshe. Mwigo wa Mwingereza alikuwa nao pia. Aliufanya kwa sauti ya chini, siku ambazo Jumbe hayupo na mlango umefungwa. Siku hiyo hakuukumbuka. Alimtoa Mrundi na gari moshi lake, akamtoa Mmakonde, na Bwana Shauri alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Tatu alikuwapo, pamoja na wanawake wengine waliokuja kuonyesha mazao. Mumewe alikuwapo pia, nyuma, ameshika mkungu wa ndizi ulioagizwa kwa ajili ya mgeni.

Bwana Shauri alifuta macho, akasema naye ana moja. Akalegeza mabega, akafumba macho nusu, akaivuta sauti kama wazee wa pale wanavyoivuta, na kusema kuwa Mzaramo ana kazi mbili tu duniani. Ya kwanza ni kulala, ya pili ni kugeuka upande wa pili, na hiyo ya pili humwachia Mungu. Alikuwa hodari. Mtu angefumba macho angedhani anayesema ni Jumbe mwenyewe.

Baraza zima lilicheka. Jumbe alicheka, Maneno alicheka kuwapita wote, akapiga na makofi. Kicheko kilikuwa kirefu mno, cha watu wanaotazamana kuona nani ataacha kwanza. Bwana Shauri akapanda gari lake na kwenda zake, akiwa na mkungu wa ndizi.

Kesho yake baraza lilikuwa limechafuka. Mmoja alisema mzungu amewatukana. Mwingine alisema wao ndio wenyeji wa nchi, wamelima kabla babu yake hajavaa viatu, itakuwaje awaite wavivu mbele ya wake zao. Jumbe alisema angekuwa kijana angejibu. Maneno alisema kuna mambo hayachezewi. Tatu alikuwa akipita na ndoo ya maji. Alisimama, akaitua, na kwa mara ya kwanza akazungumza nao barazani.

"Jana mlicheka," alisema. "Leo meno yanauma?"

Akajitwika ndoo yake. Wakasema mwanamke yule anahitaji mume wa kumfunza adabu, wala hawakuona aibu kusema hivyo wakinywa kahawa kwa miguu iliyokunjwa, saa tatu ya asubuhi, msimu wa kupanda.

Masika ya mwaka uliofuata Isihaka alishikwa na kichomi. Alilala siku chache tu. Alfajiri moja, mkewe akiwa amempakata kichwa, alifariki.

Sasa ieleweke utani ni nini, maana Maneno na wenzake walikuwa wakilitaja neno hili kama watoto wanaocheza na kisu cha baba yao. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mnyamwezi atamtukana Mzaramo mbele ya mkwewe, naye hana ruhusa ya kukasirika. Lakini Mzaramo huyo akifa, Mnyamwezi yule yule huja na jembe. Atachimba kaburi, atachota maji, atapika, atawatania wafiwa mpaka machozi yawakauke, na hatalala kwake mpaka tanga lianuliwe. Ruhusa ya kutukana inatoka kwenye kazi hiyo. Anayetukana bila kuchimba hana jina la heshima.

Tatu alimtuma shangazi yake Mwanahalima kwa Maneno. Ujumbe ulikuwa mfupi. Mtani wako amekufa, njoo uchimbe. Mwanahalima alimkuta anapuliza moto wa kahawa. Maneno alianza kwa kusema mgongo unamuuma. Mwanahalima hakuondoka. Maneno akasema tena kuwa yeye na Mrundi wapi na wapi, hawana ujamaa. Mwanahalima bado hakuondoka, na hapo Maneno akakasirika.

"Mwambie mpwa wako utani una mwisho wake," alisema.

Mwanahalima alirudi na neno hilo kama lilivyo. Tatu alilisikiliza, akaliweka.

Aliyekuja ni Mzee Mihayo. Huyu alikuwa Mnyamwezi aliyewahi kuwa mpagazi, akazeekea Mzenga katika kibanda karibu na mto mdogo, mtu asiyeonekana barazani kwa sababu alisema kahawa ya Maneno inafaa kuulia mchwa. Hakuitwa na mtu. Alimsikia anayelia, akachukua jembe na koleo. Mume alikuwa Mrundi, asiye mtani wake, lakini mfiwa alikuwa Mzaramo, na kwake hilo lilitosha. Alifika uani, akawatazama wanawake waliojaa mkekani, akamwelekea Tatu.

"Wewe Mzaramo," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "hulii mume wewe, unalia jembe. Umeona hakuna wa kukulimia tena. Basi usinitazame mimi. Mimi kwenu nakuja kufukia tu, kulima siwezi, nitaambukizwa usingizi."

Tatu alicheka. Alicheka huku kamasi zinamtoka, akicheka na kulia kwa pamoja, na wale waliokuwa wakisema hajui kucheka walimsikia wakiwa wamesimama pale pale. Aliyoyasema Mihayo yalikuwa karibu sawa na yale ya Bwana Shauri. Mihayo alikuwa ameshika koleo.

Alichimba na vijana wawili aliowatukana mpaka wakamfuata. Baada ya maziko alipika ugali wa wafiwa, akala wa mwisho, akalala nje ya mlango mpaka siku ya kuanua tanga. Maneno alipita njiani mara moja, mbali, akiwa na kanzu safi, akaitikia salamu kwa mkono.

Tatu alikaa eda. Muda wote huo hakutoka nje ya ua, na barazani walikuwa wameshaanza upya. Maneno alipata kisa kipya kwamba Mrundi amefika mbinguni anahesabu nyota ili ajue njia ya kurudi. Watu walisema si vizuri kumsema marehemu, kisha wakamwomba akirudie.

Eda ilipokwisha, Tatu alioga, akavaa kanga mpya, akamchukua Mboni, wakaenda mpaka nyumbani kwa Maneno. Maneno alikuwa barazani kwake kwenye kahawa. Mkewe, Zena, alikuwa akitwanga. Nyuma ya nyumba palifungwa beberu mweupe mwenye ndevu, fahari ya Maneno, aliyekuwa akiazimwa na vijiji vya jirani mpaka Marui. Tatu aliamkiana na Zena vizuri, akaulizia hali za watoto, kisha akamwambia bintiye afungue kamba. Zena aliuliza kulikoni. Tatu alijibu kuwa ni utani tu, akamwomba acheke. Zena, ambaye alikuwa amemsikia mumewe miaka yote hiyo na hakuwahi kuombwa maoni, aliendelea kutwanga.

Mzee Mihayo alichinja kwa jina la Mungu. Nyama ilipelekwa kwa kila nyumba iliyomchotea maji Tatu siku za msiba, na nyumba hizo hazikuwa nyingi.

Maneno alifika kwa Jumbe akipiga kelele za kuibiwa. Hakuwa na safari ndefu, ilikuwa kusimama tu na kugeuka. Jumbe Kitwana akamwita Tatu, na kwa kuwa habari ilikuwa imeenea, watu walijaa. Walikuja pia Warundi kadhaa kutoka kambi ya Ruvu, waliokuwa wakimjua marehemu. Walisimama pembeni, wenye vumbi la njiani.

"Shikamoo, Jumbe," Tatu alisema.

"Marahaba. Binti Mwinyimadi, mbuzi wa Maneno umemchukua?"

"Mboni amemchukua. Mimi nilimshikia kamba."

"Kwa haki ipi?"

"Ya utani. Mboni ni Mrundi, ameitwa hivyo hapa hapa tangu ananyonya. Maneno ni mtani wa Warundi. Mtani akiingia kwa mtani wake, akipendacho hubeba."

Maneno aliruka, akasema yeye hana utani na Warundi, babu zake hawakupata kuiona Urundi wala Urundi haikupata kuwaona. Tatu alimgeukia. Waliokuwapo wanasema hakupandisha sauti.

"Basi yale uliyokuwa ukimwambia mume wangu yalikuwa nini?"

"Mzaha," alisema Maneno. "Mzaha tu. Watu walicheka, hakuna aliyeumia."

"Mzaha una jina lake. Kama ni utani, mbuzi ni halali yetu, na siku ya maziko wewe ulikimbia kazi yako. Kama si utani ni matusi, na matusi nitayapeleka kwa Liwali Kisarawe, na nitataja kila aliyekuwa akiitikia. Chagua. Mimi napokea lolote."

Maneno akamtazama Jumbe. Watu wote wakamtazama Jumbe, na Jumbe akatazama fimbo yake.

Kitwana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kiti. Alijua kuwa Liwali hapendi mashauri ya matusi, na akiuliza nani alikuwa akiitikia, jina la kwanza lingekuwa la mwenye baraza. Akajaribu njia aliyoizoea. Alisema haya ni mambo ya nyumbani, yamekwisha, marehemu apumzike, wapeane mikono. Baraza likanung'unika kwa kuridhika. Watu hupenda sana yaishe, hasa yale waliyoyaanzisha wenyewe.

"Yakiisha bila jina, kesho yataanza tena," alisema Tatu. "Nataka jina, Jumbe."

Jumbe akakohoa, akanywa kahawa iliyokuwa imepoa, na hatimaye akahukumu. Alisema kwa kuwa Maneno alimtania marehemu kwa miaka mingi, na marehemu hakushitaki, basi ni utani, na kwa kuwa ni utani, beberu amekwenda kwa haki. Tatu alisema ameridhika, akashukuru, akaondoka na mwanawe. Maneno alibaki akiwaeleza watu kuwa ameonewa. Alipoombwa na mmoja wao aonyeshe vile Jumbe alivyokohoa, hakuonyesha.

Wale Warundi wa Ruvu walirudi kambini na hukumu hiyo. Walikuwa wameisikia kwa masikio yao na hawakuongeza kitu.

Kabla vuli haijaisha walikuja wawili barazani kwa Maneno, wamevaa nguo zao safi. Wakaamkia vizuri, wakakataa kahawa kwa heshima. Mmoja wao alisema kuwa mwenzao amefariki kwa homa, nao wamekuja kumchukua mtani wao akachimbe.

Maneno alicheka. Alitazama huku na huku akingoja wenzake wamfuate, wao wakawa wanamtazama Jumbe. Jumbe akasema kwa uchungu kuwa hukumu ni hukumu. Basi Maneno akabebeshwa jembe begani na kupelekwa Ruvu kwa miguu, na huko, kwenye udongo mzito wa bondeni unaonata kama gundi, akachimba kaburi la mtu asiyemjua. Warundi walimsaidia, wakampa chakula kizuri, wakamwita mtani. Hakuna aliyemcheka. Alirudi Mzenga na viganja vilivyochubuka, akasema huko ameumwa na mbu.

Walikuja tena baada ya mwezi hivi. Akaenda, akarudi na mgongo wa kweli. Kambi ya mkonge si mahali pa watu kuishi sana, na Maneno akaanza kuliogopa kila kundi la watu warefu linalotokea njia ya Ruvu. Safari iliyofuata alijificha chini ya kitanda, na Zena akawaelekeza alipo. Alikwenda. Ijumaa ya wiki ile, baada ya swala, alisimama mbele ya msikiti na kuwaambia watu kuwa yeye Maneno, kwa Mungu na Mtume wake, hana utani na Mrundi yeyote, aliye hai wala aliyekufa, hakuwa nao zamani na wala hautaki. Jumbe akaambiwa abadilishe hukumu. Jumbe akasema akiibadilisha yale yatakuwa matusi. Maneno akasema basi yawe matusi, atalipa kwa kumwomba radhi mjane.

Alikwenda kwa Tatu na wazee watatu. Tatu aliwapa viti. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Aliyepaswa kukusikia nilimzika, na wewe ulipita njiani na kanzu safi." Radhi hakuitoa wala hakuikataa. Alisema shauri lake limekwisha, akaenda kuanika mihogo, wale wazee wakainuka mmoja mmoja.

Ingefaa kusema kuwa Mzenga ilijifunza. Haikujifunza kitu. Warundi waliachwa, ni kweli, maana waliogopwa kwa makaburi yao. Maneno aliendelea kuuza kahawa, na mwaka ule ule Wamakonde walipokuja kupasua mbao kwenye msitu wa jirani, baraza likapata chakula kipya. Kilichobadilika ni kuwa wachache walianza kukaa mbali na kicheko kile. Wengi wao hawakuongozwa na dhamiri, walikuwa wakihesabu mbuzi wao.

Mboni alipokuwa mkubwa, ilikuja posa kutoka Marui, ukoo mzuri wenye minazi. Mshenga alikuwa mtu mnene, mwenye maneno ya asali. Alisifu ua, akasifu chakula, kisha akacheka kidogo, akasema kuwa wamesikia binti ana damu ya Urundi, lakini wao hawajali.

Tatu alikuwa akimiminia wageni maji ya kunawa. Akauliza hawajali nini.

Mshenga alisema, yaani, mambo hayo, mama, yanajulikana, watu husemasema, lakini wao ni watu wa dini. Tatu aliuliza tena mambo gani, ili naye ayajue. Mshenga akawatazama wenzake. Mmoja wao akasema ulikuwa mzaha tu wa wakwe. Tatu aliwaacha wale mpaka washibe, kwa sababu mgeni ni mgeni, kisha akaleta kanga ya posa waliyokuja nayo, ikiwa imekunjwa vizuri, akaiweka juu ya mapaja ya mshenga. Huko Marui walieneza kuwa mama wa binti ana roho ngumu. Tatu alipopata habari alisema wamekula wali wake wote, roho ngumu waliitafunaje.

Mwaka uliofuata ilikuja posa nyingine, kutoka kwa watu wa Mlandizi. Mshenga wao alikuwa mzee mkavu asiye na maneno mengi. Alikunywa maji, akasema jina la kijana na kazi yake ya ukulima, akaomba kujua jambo moja tu, kama binti atapenda kukaa mbali na mama yake.

Tatu alisema hilo si la kujibiwa na yeye. Akageuka mlangoni, akamwita Mboni aje aulizwe mwenyewe.